Kudhibiti maji ya mvua yanayotoka kiwandani, karakana na sheli: mwongozo kamili

Kila masika inapokaribia, wasimamizi wa viwanda, karakana, maghala na sheli za Dar es Salaam hurudi na swali lilelile. Chemba ya kutenganisha mafuta ilishajengwa, fundi alishalipwa, mkaguzi wa mazingira alishaoneshwa, na bado mvua kubwa ya kwanza ikinyesha maji yanatoka getini yakiwa na utando wa mafuta unaong'aa juu na tope jekundu chini. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao.

Chanzo cha kushindwa huko karibu kila mara ni kimoja. Maji ya eneo zima, yaani ya paa, ya maegesho na ya sehemu ya kujazia dizeli, huingizwa kwenye mfereji mmoja na kupelekwa kwenye chemba moja ambayo hakuna aliyepiga hesabu ya ukubwa wake. Mvua inapozidi, maji hupita humo kwa kasi, na mafuta yaliyokusanyika kwa miezi kadhaa hufagiliwa nje kwa dakika chache. Kuongeza chemba ya pili ya aina ileile hakuponyi tatizo hilo. Dawa yake ni kuyatenga maji safi yasikutane na uchafu tangu mwanzo, kisha kusafisha yale machache yaliyobaki.

Mifano nimeitoa Dar es Salaam kwa sababu huko ndiko viwanda vingi vilipo na ndiko maji hayo yanakoonekana yanakwenda. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Tabata, unashuka hadi Jangwani na kuingia baharini karibu na daraja la Salenda. Katika bonde hilo watu wanalima mchicha na matembele yanayouzwa sokoni jioni ileile, na mafuriko yakija ni nyumba za watu haohao zinazojaa maji. Dizeli iliyotoka kwenye yadi yako haipotei. Inafika shambani kwa mtu na mlangoni kwa mtu.

Sheria inataka nini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inashikilia kanuni ya anayechafua kugharamia, na kifungu chake cha 57 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bahari, ziwa au bwawa. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2007 zinaweka mipaka ya maji machafu yanayotolewa kwenye mazingira. Mipaka unayopaswa kuikariri ni hii: mafuta na grisi yasizidi miligramu 10 kwa lita, chembe ngumu zinazoelea ndani ya maji zisizidi miligramu 100 kwa lita, mahitaji ya oksijeni ya kibayolojia (oksijeni inayotumiwa na vijidudu kuozesha uchafu uliomo) yasizidi miligramu 30 kwa lita na ya kikemikali (oksijeni inayohitajika kuuunguza uchafu huo kwa kemikali) 60, na pH, yaani kipimo cha ukali wa tindikali au magadi, iwe kati ya 6.5 na 8.5.

Kwa upande wa maji, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka kibali cha kutiririsha maji machafu chini ya bodi ya maji ya bonde, na Dar es Salaam imo ndani ya Bonde la Wami/Ruvu. Usijitetee kwa kusema kwamba ni maji ya mvua tu. Maji hayo yakishapita juu ya oili chafu, mkaguzi atayapima kama maji machafu ya kiwandani, na atakuwa na haki.

Mahitaji

Kabla ya kumwita fundi, kusanya vitu vifuatavyo. Vingi havina gharama kubwa.

- Ramani ya kiwanja, hata iliyochorwa kwa mkono, na utepe wa kupimia wa mita 50.
- Mpira mwembamba wa plastiki unaopitisha mwanga, wa mita 20 au zaidi, wa kupimia usawa kwa maji kama mafundi wafanyavyo.
- Kipimo cha mvua. Kopo lenye kuta zilizonyooka na rula ndani yake linatosha kwa kuanzia.
- Chupa za kioo zenye mdomo mpana na chupa safi za plastiki kwa ajili ya sampuli, boksi la barafu, na kipimo cha pH cha mkononi.
- Vifaa vya kuzuia umwagikaji: mchanga mkavu au maranda ndani ya pipa lenye mfuniko, koleo, mifagio migumu, trei za kukingia oili, na magunia ya mchanga.
- Bajeti ya zege, matofali, mabomba ya inchi 6 na inchi 4, viwiko (viungo vya bomba vilivyopinda), valvu zenye kufuli, na mabati ya kuezekea sehemu chafu.
- Daftari lenye jalada gumu. Hili ndilo litakalokuokoa siku ya ukaguzi.
- Mhandisi aliyesajiliwa wa kuthibitisha hesabu na michoro. Fundi mzuri anajua kujenga chemba, lakini hesabu ya mtiririko si kazi yake na usimtwishe.

Hatua ya 1: Simama kwenye mvua na uchore maji yanakopita

Michoro ya ofisini huonesha mteremko ambao mkandarasi alikusudia. Maji yanajua mteremko uliopo. Kwa hiyo vaa koti la mvua, toka wakati mvua inanyesha, na uchore kwa mishale kila njia ambayo maji yanapita: yanaposhuka kutoka kwenye mabati, yanapokutana, yanapotuama, yanapovuka sehemu ya kujazia mafuta, na kila mahali yanapotoka nje ya uzio, pamoja na yale matundu madogo chini ya ukuta ambayo mlinzi alitoboa ili kibanda chake kisijae maji.

Ikiwa mvua haijaanza, tumia mpira wa maji. Ujaze maji hadi viputo vyote vya hewa vitoke, mtu mmoja ashike ncha moja kwenye sehemu ya kujazia mafuta na mwingine ashike ya pili kwenye mfereji, kisha linganisha kimo cha maji kutoka ardhini kwenye ncha zote mbili. Tofauti ya vimo hivyo ndiyo tofauti ya mwinuko. Kiputo kimoja cha hewa kilichobaki ndani ya mpira kitakupa jibu la uongo.

*Umefaulu ikiwa* unaweza kumwonesha mgeni, kwenye karatasi moja, kila mahali maji yanapotoka katika kiwanja chako na yamepita juu ya nini kabla ya kutoka. Viwanja vingi huwa na matundu mengi ya kutokea maji kuliko mwenye mali anavyodhani.

Hatua ya 2: Ondoa uchafu kabla ya mvua kuufikia

Hatua hii ndiyo yenye gharama ndogo kuliko zote na ndiyo inayorukwa zaidi, kwa kuwa haina kitu cha kuzinduliwa wala kupigwa picha. Zunguka na ramani yako na utie alama nyekundu kwenye kila kitu kilicho nje bila kifuniko: mapipa ya oili chafu, betri za zamani, vyuma chakavu, injini zilizofunguliwa, magunia ya mbolea au saruji, jaa la taka, na jenereta.

Kila chenye alama kipewe jibu moja kati ya matatu: kiingizwe ndani, kiezekwe kwa bati na kuinuliwa kutoka chini, au kiondolewe kabisa. Turubai ni jibu la wiki moja tu, maana upepo wa kusi huling'oa na hakuna anayelirudisha.

Oili chafu ikabidhiwe kwa mkusanyaji mwenye kibali, na stakabadhi ya kila mzigo ihifadhiwe. Kuimwaga ardhini ili kuzuia vumbi ni mazoea yaliyoenea, na ni chanzo kikubwa cha utando unaoonekana mvua ikinyesha. Magari yanayovuja yawekewe trei chini yake, na trei hizo zimwagwe kwenye pipa kila jioni. Trei iliyojaa ikinyeshewa, mafuta huelea juu na kumwagika yote.

Onyo: mafuta yakimwagika, usiyaoshe kwa maji na sabuni. Mwaga mchanga mkavu au maranda, acha yanyonye, zoa kwa koleo, na uweke kwenye pipa la taka hatarishi. Sabuni huyavunja mafuta kuwa matone madogo mno ambayo hayapandi juu hata yakitulia kutwa nzima, na kwa njia hiyo huiua chemba utakayoijenga katika hatua ya 5.

Hatua ya 3: Tenga maji ya paa, ya yadi na ya sehemu chafu

Gawa kiwanja katika maeneo matatu. La kwanza ni paa, ambalo maji yake ni safi kwa kiasi kikubwa. La pili ni yadi ya kawaida na maegesho, ambayo maji yake yana mchanga na tope na mafuta kidogo. La tatu ni sehemu chafu: kujazia mafuta, kutengenezea magari, kuoshea, na kuhifadhia kemikali.

Maji ya paa yawe na mabomba yake kutoka kwenye gata hadi kwenye matangi au moja kwa moja hadi kwenye mtaro, bila kugusa yadi. Faida yake ni mara mbili, kwani utayatumia kuoshea na kumwagilia, na hutalazimika kuyasafisha. Funika matangi na uweke wavu mwembamba kwenye kila tundu ili mbu wasizaliane humo.

Sehemu chafu iezekwe, na bati lizidi ukingo wa zege kila upande ili mvua ya upepo isiingie. Kisha ijengewe kingo ya zege yenye mgongo wa mviringo, ya kimo cha sentimita 10 hivi, inayoweza kupandwa na magurudumu ya lori. Kingo hiyo hufanya kazi pande zote mbili: inazuia maji ya yadi yasiingie, na inazuia mafuta yaliyomwagika yasitoke. Ndani yake, mteremko wote uelekee kwenye mfereji mmoja wenye wavu wa chuma, na mfereji huo uende kwenye chemba ya mafuta peke yake.

Sehemu ya kuoshea magari haiendi huko. Maji yenye sabuni yawe na njia yake, ama kwenye mfumo wa kuyarudisha kutumika tena, ama kwenye bomba la majitaka kwa idhini ya mamlaka ya maji, ambayo kwa Dar es Salaam ni DAWASA. Kinyume chake pia ni marufuku: usiunganishe gata au mfereji wa yadi kwenye bomba la majitaka. Mabomba hayo hayakujengwa kubeba mvua, na yakizidiwa chemba za mtaani hufurika kinyesi mbele ya nyumba za watu.

*Umefaulu ikiwa* unamwaga ndoo ya maji juu ya paa, ya pili kwenye yadi na ya tatu kwenye sehemu chafu, na kila moja inatokea mahali pake bila kukutana na nyingine.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya maji

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kutokana na hilo unaweza kujua mengi bila kompyuta. Ili kupata mtiririko kwa lita kwa sekunde, zidisha eneo kwa mita za mraba, mvua kwa milimita kwa saa, na kigawo cha utiririkaji, yaani sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kufyonzwa na ardhi, kisha gawanya kwa 3,600. Kigawo hicho ni takriban 0.9 kwa zege na mabati, kati ya 0.5 na 0.7 kwa udongo ulioshindiliwa, na 0.1 hadi 0.3 kwa majani.

Tuchukue karakana yenye paa la mita za mraba 1,500 na yadi ya zege ya mita 2,000, ambayo ndani yake mita 300 ni sehemu chafu. Tuchukue pia mvua ya milimita 60 kwa saa kama mfano. Mhandisi atapata takwimu za eneo lako kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Kila kitu kikiingia kwenye mfereji mmoja, ni 3,500 mara 60 mara 0.9, gawanya kwa 3,600, yaani lita 52.5 kwa sekunde. Sehemu chafu ikitengwa, inabaki lita 4.5 kwa sekunde hata kabla ya kuiezeka.

Sasa angalia tofauti hiyo inavyogeuka kuwa zege na pesa. Tone la mafuta lenye kipenyo cha mikroni 150 (milimita 0.15), la mafuta yenye uzito wa kilo 900 kwa mita ya ujazo, hupanda ndani ya maji ya nyuzi 25 kwa kasi ya karibu milimita 1.4 kwa sekunde. Ili tone hilo lifike juu kabla ya maji kutoka, eneo la uso wa maji ndani ya chemba lisipungue mtiririko uliogawanywa kwa kasi hiyo. Kwa lita 52.5 kwa sekunde utahitaji karibu mita za mraba 38, na ukiongeza nusu yake kwa ajili ya msukosuko wa maji unafika 57, yaani chemba yenye ukubwa wa nyumba ndogo. Kwa lita 4.5 kwa sekunde unahitaji mita 3.3, na kwa nyongeza ileile takriban 5.

Chemba nyingi za mitaani zina mita mbili au tatu za mraba, na zimeunganishwa na kiwanja kizima. Haziwezi kufanya kazi, na hakuna usafi wa kila wiki utakaozifanya zifanye kazi.

Hatua ya 5: Jenga chemba ya mafuta inayotenganisha kweli

Chemba iwe na vyumba vitatu vinavyofuatana. Cha kwanza ni cha mchanga, cha pili ni cha mafuta na ndicho kikubwa kuliko vyote, cha tatu ni cha kukagulia maji kabla hayajatoka. Umbo liwe refu na jembamba, urefu usiopungua mara tatu ya upana, ili maji yaende taratibu na kwa mstari badala ya kukata kona na kutoka.

Siri yote iko kwenye viungo kati ya vyumba. Mafuta yanaelea, kwa hiyo maji yachukuliwe kutoka chini. Kwenye kila ukuta wa kati weka kiwiko kinachotazama chini, ambacho mdomo wake umezama walau sentimita 40 chini ya uso wa maji lakini haugusi tope la sakafuni. Juu ya kiwiko weka kipande cha bomba kilichosimama wima na kuachwa wazi, ili hewa iingie. Bila hewa hiyo bomba likijaa litaanza kunyonya kama mpira wa kuhamishia mafuta kwenye dumu, na litavuta kila kilicho juu.

Hapa ndipo mafundi hukosea kuliko mahali pengine popote. Tundu la kutokea huwekwa juu, karibu na mfuniko, bila kiwiko, kwa sababu ndivyo linavyowekwa kwenye matangi ya maji. Chemba ya namna hiyo ni kumpaka mkaguzi mafuta kwa mgongo wa chupa, kwani kinachotoka kwanza ni mafuta yenyewe. Kabla ya kumlipa fundi, fungua mfuniko, ingiza mkono wenye glavu au fimbo iliyopinda, na uhakikishe mwenyewe kwamba mdomo wa bomba umezama.

Bomba la mwisho liwekewe valvu inayofungika kwa mkono, mahali ambapo mlinzi wa usiku anaweza kuifikia bila kutafuta funguo. Lori likimwaga lita 200 za dizeli saa nane usiku, valvu hiyo ikifungwa ndani ya dakika mbili, mafuta yatabaki kwako.

Kabla ya kuanza kuitumia, jaza chemba maji safi hadi kiwango cha kutokea. Chemba kavu haitenganishi kitu; mafuta ya kwanza kuingia yatapita chini ya viwiko na kutoka.

Onyo kubwa: mtu asiingie ndani ya chemba kuisafisha. Mvuke wa petroli na gesi inayotokana na tope lililooza huua kwa dakika chache, na anayeshuka kumwokoa mwenzake mara nyingi hufa naye. Nyonya kwa pampu au gari la majitaka lenye kibali cha taka hatarishi, ukiwa juu, mifuniko ikiwa wazi, na sigara na cheche zikiwa mbali.

*Umefaulu ikiwa*, mvua ikinyesha, chumba cha pili kina tabaka la mafuta juu na chumba cha tatu hakina hata utando. Toa mafuta kabla tabaka halijafika sentimita 5, na tope kabla halijafika robo ya kina.

Hatua ya 6: Tangi la mafuta na ukuta wake

Tangi la juu ya ardhi lizungukwe na ukuta wa zege usiovuja, wenye uwezo wa kubeba asilimia 110 ya ujazo wa tangi kubwa lililomo. Tangi la lita 10,000 linadai lita 11,000, na kwa ukuta wa nusu mita hiyo ni sakafu ya mita za mraba 22.

Wengi huishia hapo, lakini ukuta huo hauna paa. Mvua ileile ya milimita 60 itaingiza ndani yake lita 1,320, na ile akiba ya lita 1,000 imekwisha kwa saa moja. Ndiyo sababu maji ya mvua ndani ya ukuta lazima yatolewe baada ya kila mvua, na ndiyo sababu pia valvu za kuta hizi hukutwa zimeachwa wazi mwaka mzima: mlinzi amechoka kuyatoa. Ukuta wenye valvu iliyo wazi hauzuii chochote.

Ezeka juu yake ukiweza. Usipoweza, valvu ifungwe kwa kufuli, mtu mmoja mwenye jina atunze ufunguo, na kabla ya kufungua atazame uso wa maji mchana, penye mwanga. Utando ukionekana, maji yapampiwe kwenye pipa au yapitishwe kwenye chemba ya mafuta; usipoonekana, yatolewe mbele ya macho yake na valvu ifungwe tena. Kila mara aandike tarehe na alichokiona.

Hatua ya 7: Mchanga na tope la yadi

Maji ya yadi ya kawaida, ambayo katika mfano wetu ni mita 1,700 na lita 25.5 kwa sekunde, yapitie shimo la kutuliza mchanga. Punje ya mchanga ya milimita 0.1 huzama kwa takriban milimita 8 kwa sekunde, hivyo shimo lenye uso wa mita 3 hadi 5 za mraba linatosha kuikamata. Udongo wa mfinyanzi haukamatiki humo hata kidogo, kwa kuwa punje zake huchukua saa nyingi au siku kuzama. Dawa yake ni kuuzuia usifike: fagia yadi ikiwa kavu, mwaga kokoto kwenye njia za udongo, panda majani kwenye kingo, na usiache rundo la kifusi wazi mwezi wa Machi.

Yadi kubwa inahitaji pia bwawa dogo la kushikilia maji lenye tundu dogo la kutokea, ili mvua ya saa moja itoke kwa saa kadhaa na isimwangukie jirani wa bondeni kwa mkupuo. Likauke ndani ya siku tatu, kabla mbu hawajakomaa.

Onyo: shimo la kufyonza maji ardhini ni jema kwa maji ya paa peke yake. Usiingize humo maji ya yadi wala ya sehemu chafu. Wakazi wengi wa jiji hili bado wanategemea visima, na mafuta yaliyofika kwenye maji ya chini ya ardhi hayarudishiki.

Hatua ya 8: Mahali pa kutolea maji

Omba idhini kwa maandishi kabla ya kuunganisha bomba lako kwenye mtaro wa barabara. Mtaro wa barabara kuu uko chini ya TANROADS, wa mitaa na kata uko chini ya TARURA. Bonde la Wami/Ruvu liulizwe ikiwa maji yanaingia mtoni au kijitoni. Ofisi ya kanda ya taasisi ya taifa ya mazingira, ambayo wengi wanaijua kwa jina la NEMC, ipewe michoro yako mipya iambatanishwe na ukaguzi wa mazingira wa mradi.

Ziba matundu mengine yote ya kutokea maji uliyoyagundua katika hatua ya 1, ubaki na moja au mawili yanayofikika na kupimika. Walio karibu na bahari au mkondo, kama Kurasini, watazame kimo cha bamvua: bahari ikijaa mvua inaponyesha, maji hurudi nyuma kupitia bomba na kuinua mafuta ndani ya chemba. Valvu ya kujifunga yenyewe kwenye mdomo wa bomba huzuia hilo.

Hatua ya 9: Kazi za kila msimu

Mwezi wa Februari na tena Septemba, kabla ya masika na kabla ya vuli, safisha gata, mifereji, shimo la mchanga na chemba. Jaribu kila valvu kwa kuifunga na kuifungua. Hesabu mapipa ya mchanga mkavu. Fanya zoezi la umwagikaji na walinzi wa usiku, kwa kuwa wao ndio watakaokuwepo. Katika msimu wenyewe, kagua kila wiki na baada ya kila mvua kubwa.

Hatua ya 10: Sampuli na kumbukumbu

Chagua mvua iliyotanguliwa na siku tatu kavu, na uchukue sampuli ndani ya dakika 30 za kwanza tangu maji yaanze kutoka. Maji hayo ya mwanzo ndiyo yaliyoosha uchafu wote wa juu ya zege. Sampuli ya saa ya pili itakuwa safi, na itakudanganya wewe kwanza.

Kinga pale bomba linapomwagika, si kwenye dimbwi. Sampuli ya mafuta iingie moja kwa moja kwenye chupa ya kioo ambayo ndiyo itakayokwenda maabara, kwa sababu mafuta hung'ang'ania plastiki na hung'ang'ania pia chombo chochote utakachomiminia. Usiisuuze chupa hiyo kwa maji ya sampuli, na maabara ikupe mapema chupa yenye tindikali ya kuhifadhia. Pima pH papo hapo. Weka chupa zote kwenye barafu na uzifikishe maabara siku hiyohiyo. Kipimo cha mahitaji ya oksijeni kikichelewa zaidi ya saa 48 hakina maana.

Kwenye daftari andika tarehe, saa mvua ilipoanza, saa ya sampuli, milimita za mvua kwenye kopo lako, rangi, harufu, kama kuna utando, jina la aliyechukua, na baadaye majibu ya maabara. Jibu likivuka mpaka, usilifiche wala usiruke ukurasa. Rudi kwenye ramani, fuata maji kinyumenyume hadi ulipotoka uchafu, rekebisha, andika ulichorekebisha, na chukua sampuli nyingine mvua inayofuata. Mkaguzi anayekuta majibu matano, mawili yakiwa mabaya na yameandikiwa marekebisho yake, ana sababu ya kukuamini kuliko anayekuta karatasi moja safi ya mwaka juzi.

Weka daftari hilo ofisini kwa mlinzi mkuu pamoja na nakala ya ramani, si kwenye kabati la mkurugenzi, maana wakaguzi huja bila taarifa na mkurugenzi mara nyingi yuko safarini.